Uchaguzi wa masomo wachangia wanafunzi kuacha shule Kisii na Nyamira

KATIKA vijiji vya Kisii na Nyamira, mwanafunzi wa shule ya upili anapokosa kurejea shuleni baada ya likizo, majirani hawakosi sababu. Huyu alilemewa na karo. Yule alipata mimba. Mwingine ameonekana kwenye steji ya bodaboda, na mwingine amekwenda kuchuma majanichai Kericho.

Zote ni sababu za kweli, na hakuna mkazi wa kaunti hizo mbili asiyezijua. Hata hivyo, hazijibu swali moja. Kwa nini wanafunzi wawili wa kijiji kimoja, wenye wazazi wa uwezo sawa na wanaodaiwa karo ya kiasi kile kile, mmoja hung'ang'ana hadi akafanya mtihani wa KCSE, ilhali mwenzake huondoka katika Kidato cha Tatu?

Sehemu ya jibu imo katika fomu ambayo wengi huijaza bila kuitilia maanani, nayo ni fomu ya kuchagua masomo. Umaskini ndio humsukuma mwanafunzi kuelekea langoni. Lakini masomo asiyoyamudu, au asiyoona yanampeleka wapi, humnyima sababu ya kukataa kutoka.

Suala hili lina uzito zaidi wakati huu ambapo mtaala mpya umeuleta uamuzi huo mapema, ukawekwa mikononi mwa watoto wa Gredi ya 9.

Masomo huchaguliwaje?

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wamekuwa wakisoma karibu masomo yote yanayofundishwa shuleni mwao. Wanapoelekea Kidato cha Tatu ndipo hupunguza mzigo na kubaki na masomo watakayotahiniwa.

Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) limeyapanga masomo hayo katika makundi 5. Kundi la kwanza ni Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, nayo ni ya lazima. La pili ni la sayansi, yaani Biolojia, Kemia na Fizikia, ambapo mtahiniwa hutakiwa kuchukua angalau 2.

Kundi la tatu lina Historia na Serikali, Jiografia na elimu ya dini. La nne ni la masomo ya mikono na ya kiufundi kama vile Kilimo, Sayansi Kimu, Sanaa, Useremala, Umeme, Ujenzi na Kompyuta. La tano lina Biashara, Muziki na lugha za kigeni kama vile Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Jumla ya masomo haipaswi kupungua 7.

Ukitoa masomo 3 ya lazima, sayansi 2 na somo moja la kundi la tatu, mwanafunzi anayefanya masomo 7 hubaki na nafasi moja tu ya kujichagulia apendavyo. Kwa hivyo uhuru unaozungumziwa ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, na kosa katika nafasi hizo chache hugharimu sana.

Jinsi gredi ya jumla inavyokokotolewa huongeza uzito wa uamuzi huo. Zamani hesabu ilijumuisha Hisabati, lugha zote 2, sayansi 2, somo moja la kundi la tatu na somo jingine moja. Tangu mtihani wa mwaka 2023, wakati Ezekiel Machogu alipokuwa Waziri wa Elimu, huhesabiwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine 5 ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi.

Mabadiliko hayo yalipokelewa kwa furaha. Lakini ni wazazi wachache waliotambua kwamba mwanafunzi mwenye masomo 7 pekee hafaidiki nayo, kwa kuwa yote 7 huingia katika hesabu. Anayepata nafuu ni yule mwenye somo la 8, ambaye anaweza kuanguka katika somo moja na bado asiburutwe chini nalo. Shule inayompa mwanafunzi dhaifu masomo 7 tu kwa nia ya kumpunguzia mzigo humwondolea pia kinga hiyo.

Nani hasa huchagua?

Kwa nadharia, mwanafunzi huchagua kwa kuzingatia kipaji chake na kazi anayotamani. Kwa vitendo, ratiba ya shule huwa imeshamchagulia.

Eneo la Gusii lina shule kongwe na zenye sifa. Kisii School ilianzishwa miaka ya 1930, na Cardinal Otunga iliyoko Mosocho imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika shule za ngazi hiyo, mwanafunzi huweza kupata maabara, walimu wa kila sayansi na masomo kadhaa ya kundi la nne na la tano.

Lakini wanafunzi wengi wa Kisii na Nyamira hawasomi huko. Wako katika shule za kutwa za kaunti ndogo, nyingi zikiwa zilijengwa kwa michango ya wazazi na makanisa karibu na shule za msingi. Shule ya aina hii inaweza kuwa na maabara moja, mwalimu mmoja wa Fizikia, na walimu kadhaa walioajiriwa na bodi ya shule kwa mishahara inayotokana na fedha za wazazi.

Katika mazingira hayo, "kuchagua" huwa ni kuamua kati ya Kilimo na Biashara, au kati ya Historia na Dini. Asiyetaka lolote kati ya hayo hana pa kwenda.

Sababu ya pili ni wastani wa alama wa shule. Shule hupimwa na jamii kwa matokeo ya KCSE, na walimu wakuu hulaumiwa au kusifiwa kwa hesabu hiyo. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, na Shule ya Upili ya Nyambaria iliyoko Nyamira kutajwa miongoni mwa zilizotia fora nchini, shangwe zilisikika Gusii kote. Shangwe kama hizo huacha shinikizo nyuma yake. Somo linaloonekana kushusha wastani hufungiwa wanafunzi wa alama za kadiri, hata kama ndilo wanalolipenda.

Fizikia ndiyo huathirika zaidi. Kote nchini, watahiniwa wa Fizikia ni wachache mno wakilinganishwa na wale wa Biolojia na Kemia, na wasichana ni wachache zaidi. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa somo hilo ni la "vichwa vikali" huliacha katika Kidato cha Pili bila kuelezwa kwamba ameacha pia kozi za uhandisi.

Sababu ya tatu ni wazazi. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kukodisha shamba la majanichai ili alipe karo hutarajia daktari, mhandisi au wakili. Humlazimisha mtoto kubeba sayansi zote 3 ingawa alama zake zinaonyesha wazi kwamba uwezo wake uko kwingine. Wengine, kwa upande mwingine, huachia shule kila kitu na kuja kujua masomo ya mtoto wao siku ya usajili wa KCSE.

Sababu ya nne ni marafiki. Kijana wa miaka 15 au 16 ambaye hajapata ushauri wowote hufuata kundi. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema. Hapa, jembe lenyewe huchaguliwa na rafiki.

Kutoka kwa somo gumu hadi nje ya lango

Mwanafunzi haachi shule siku anayojaza fomu. Huacha kidogo kidogo, na safari hiyo ina vituo vinavyoweza kutambuliwa.

Kituo cha kwanza ni kufeli mfululizo. Hisabati, ambayo hakuna awezaye kuikwepa chini ya 8-4-4, kwa miaka mingi imekuwa na wastani wa chini ya asilimia 30 kitaifa katika KCSE. Mwanafunzi anayelemewa na somo hilo, kisha akaongezewa sayansi 2 asizozimudu, huanguka katika masomo 3 kila muhula hata akijitahidi vipi. Jina lake hubandikwa chini ya orodha, na mzazi huitwa kuelezwa jambo ambalo yeye na mtoto wanalijua tayari.

Wakati mwingine hushauriwa arudie darasa. Sehemu ya 35 ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuzuiliwa katika darasa lolote au kufukuzwa shuleni. Wazazi wasioijua sheria hiyo hukubali, na kijana aliyeachwa nyuma na wenzake huona aibu ya kuketi na waliokuwa nyuma yake. Wengi hawamalizi mwaka huo wa marudio.

Kituo cha pili ni kuhama. Katika Kisii na Nyamira, ni jambo la kawaida mwanafunzi kuanza katika shule ya bweni, karo ikashinda, akaletwa shule ya kutwa karibu na nyumbani. Serikali ilianza kugharamia masomo ya shule za kutwa mwaka 2008 kwa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa hadi Sh22,244 mwaka 2018. Kwa upande wa bweni, ada iliyowekewa shule za kitaifa ilifika Sh53,554 kwa mwaka. Tofauti hiyo inatosha kueleza uhamisho.

Kinachosahaulika ni kwamba mwanafunzi huhama pamoja na masomo yake. Aliyekuwa akifanya Kompyuta, Kifaransa au Sanaa anaweza kufika Kidato cha Tatu katika shule isiyofundisha lolote kati ya hayo. Huanza Kilimo akiwa amepitwa na miaka 2. Anayesaidiwa na walimu hufidia. Asiyesaidiwa huonekana mzembe, akaanza kutoroka vipindi, kisha siku nzima, na hatimaye wiki.

Kituo cha tatu ni gharama zilizojificha ndani ya somo. Masomo kadhaa ya kundi la nne yana mradi wa vitendo unaotahiniwa na KNEC. Mwenye kufanya Sanaa anahitaji rangi na karatasi maalumu, wa Useremala anahitaji mbao, na wa Kilimo anahitaji mbegu na mbolea. Shule yenye upungufu wa fedha huwageukia wanafunzi. Kwa aliye na deni la karo, kutumwa nyumbani tena kwa ajili ya vifaa huwa ndiyo safari asiyorudi.

Kituo cha mwisho, na ambacho ni hatari kuliko vyote, ni kutoona mwisho wa safari. Idara inayowapanga wanafunzi katika vyuo, KUCCPS, haiangalii gredi ya jumla pekee bali pia masomo yanayohusiana na kozi. Uhandisi unadai Fizikia. Uuguzi unadai Biolojia. Mwanafunzi anayegundua katika Kidato cha Nne kwamba mlango aliotazamia ulifungwa miaka 2 iliyopita hujiuliza anangoja nini.

Tatizo huzidi kwa sababu shule nyingi humwonyesha mwanafunzi mlango mmoja tu, chuo kikuu. Katika KCSE ya mwaka 2024, kati ya watahiniwa 962,512, waliopata gredi ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 246,391. Hiyo ni takriban mtahiniwa mmoja kati ya kila 4.

Mwanafunzi wa alama za D ambaye hajawahi kusikia kuhusu mlango mwingine huhitimisha, kwa hesabu yake mwenyewe, kwamba miaka iliyobaki ni hasara. Haelezwi kwamba stashahada huhitaji C-, kwamba cheti cha ufundi huhitaji D, na kwamba kozi za fundi stadi humpokea hata mwenye E, mradi amefanya mtihani.

Mvuto wa nje

Safari hiyo inaweza kutokea popote nchini. Lakini Kisii na Nyamira zina mazingira yanayoifanya iwe fupi zaidi.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na wakazi 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kisii ilikuwa na wastani wa watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira 675, ilhali wastani wa kitaifa ulikuwa watu 82. Mashamba yamegawanywa kutoka babu hadi baba hadi mwana, na wengi wa vijana wa sasa hawana ardhi ya kutegemea kama waliyokuwa nayo wazazi wao.

Hali hiyo ingepaswa kuwa sababu ya kubaki shuleni, na kwa familia nyingi ndivyo ilivyo. Lakini humfanya pia kijana atafute fedha mapema. Majanichai huchumwa karibu mwaka mzima, ndizi na parachichi hupata wanunuzi, na pikipiki hubeba abiria kutoka Keroka, Nyansiongo, Ogembo na Suneka kila siku. Kijana huona mwenzake aliyeacha shule akirejea jioni na mia kadhaa mfukoni. Anayesoma somo lenye maana kwake anaweza kuzipuuza. Anayekaa darasani akingoja kengele hawezi.

Mfano ulio wazi zaidi wa pengo hili uko Tabaka, katika Mugirango Kusini. Mawe laini yanayochimbwa huko huchongwa vinyago, sahani na mapambo yanayouzwa ndani na nje ya nchi, na sifa ya wachongaji wa Kisii imeenea duniani. Mtoto wa Tabaka hujifunza kushika patasi kabla ya kujifunza kushika kalamu. Hata hivyo, Sanaa ni somo linalofundishwa katika shule chache sana za upili nchini.

Kijana wa aina hiyo hukuta kwamba mkono wake, ulio na thamani sokoni, hauna alama darasani. Ujuzi ambao ungeweza kumfikisha kwenye usanifu wa majengo, uchoraji wa vitabu au biashara ya kimataifa hubaki machimboni. Anapoondoka shuleni, jamii husema amevutwa na fedha za mawe. Ni kweli, lakini shule pia haikuwa na cha kumshikilia.

Kilimo chenyewe kinakumbwa na hali kama hiyo. Ni somo linalochaguliwa na wengi Gusii, lakini mara nyingi hufundishwa ubaoni kama orodha ya kukariri. Katika kaunti ambako shamba la robo ekari ndilo litakalolisha familia, somo hilo lingepaswa kuwa hoja kuu ya kumfanya kijana abaki.

Kwa wasichana mzigo ni mkubwa zaidi. Sera ya kuwaruhusu waliojifungua kurejea shuleni imekuwepo tangu mwaka 1994, na Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo mpya mwaka 2020. Lakini anayerejea baada ya mwaka mmoja hukuta miradi ya vitendo imempita, na akilazimika kubadili shule ili kukwepa kejeli, huenda mpangilio wa masomo yake usipatikane huko. Sheria humfungulia lango, lakini ratiba humfungia darasa.

Mfumo uliokusudia mambo mengine

Jambo la kusikitisha ni kwamba 8-4-4 iliundwa kuzuia hali hii hii. Lengo lake lilikuwa kumpa mwanafunzi ujuzi wa kujitegemea hata asipofika chuo kikuu. Wazazi wa Gusii, kama wenzao kote nchini, waliombwa kuchangia ujenzi wa karakana.

Watahiniwa wa kwanza wa KCSE, mwaka 1989, walifanya masomo 10. Mzigo huo ulilalamikiwa, na baadaye ukapunguzwa hadi masomo 8, kisha 7. Katika marekebisho ya mtaala ya mwaka 2002, baadhi ya masomo yaliunganishwa au kuondolewa. Uhasibu na Uchumi, kwa mfano, vilimezwa na somo la Biashara.

Nafuu ilipatikana, lakini masomo ya kiufundi ndiyo yaliyoumia. Yalihitaji mitambo, vifaa na walimu maalumu, na shule zilizobanwa na fedha ziliyaacha kwanza. Kile kilichokusudiwa kuwa uti wa mgongo wa mfumo kikabaki katika shule chache zenye uwezo.

Wakati huo huo, elimu ya ufundi iliendelea kukua nje ya shule za upili. Chuo cha teknolojia cha Gusii, kilichoanzishwa kwa moyo wa harambee miaka ya 1970, leo ni Kisii National Polytechnic. Nyamira ina taasisi ya kiufundi ya Ekerubo Gietai. Vyuo hivi vinafundisha umeme, ujenzi, magari, upishi na kompyuta, yaani masomo yale yale ambayo shule jirani zimeshindwa kuyatoa. Ni mwanafunzi mgani wa Kidato cha Pili katika shule ya kutwa aliyewahi kupelekwa kuvitembelea kabla ya kujaza fomu yake?

Uamuzi waja mapema zaidi

Kundi la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023 na limepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Baada ya hapo, mfumo huo utakuwa historia katika shule za upili.

Chini ya mtaala mpya wa umilisi, wanafunzi wa kwanza walifanya tathmini ya mwisho wa sekondari msingi mwaka 2025 wakiwa Gredi ya 9, wakaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kabla ya tathmini hiyo walikuwa wameshachagua mmoja kati ya mikondo 3. Wa kwanza ni wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, unaojulikana kwa kifupi kama STEM. Wa pili ni wa Sayansi ya Jamii, na wa tatu ni wa Sanaa na Michezo. Serikali inalenga kuwa na asilimia 60 ya wanafunzi katika STEM, asilimia 25 katika Sayansi ya Jamii na asilimia 15 katika Sanaa na Michezo.

Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha Ishara, Hisabati na somo la huduma kwa jamii, kisha huchagua masomo 3 ya mkondo wake. Awali Hisabati haikuwa ya lazima kwa wote, lakini mwaka 2025 serikali ilisikiza kilio cha umma na kuirejesha katika viwango 2: kiwango cha kina kwa wa STEM na chepesi zaidi kwa wengine.

Kwa upande mmoja, mpango huu unaondoa baadhi ya vituo vilivyotajwa. Mwanafunzi asiyemudu sayansi halazimiki tena kubeba 2 kati yake hadi mwisho, na mchongaji wa Tabaka sasa ana mkondo wenye jina lake.

Kwa upande mwingine, hatari zile zile zimesogezwa karibu. Anayechagua sasa ana umri wa miaka 14 au 15, na uamuzi unagusa masomo pamoja na shule atakayokwenda. Si kila shule inayotoa mikondo yote 3. Shule zote zilitarajiwa kuwa na STEM na Sayansi ya Jamii, lakini Sanaa na Michezo umetengewa shule zenye vifaa vyake.

Maana yake kwa familia maskini ni nzito. Ikiwa shule ya kutwa iliyo karibu haina mkondo wa Sanaa, kijana mwenye kipaji ana njia 2 tu. Aende bweni mbali na nyumbani, ambako karo inaweza kumrudisha baada ya muhula mmoja, au abaki karibu na kusoma mkondo usio wake. Yote mawili ni mwanzo wa safari iliyoelezwa hapo juu.

Yanayowezekana kufanywa

Mengi ya mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji habari kufika kwa wakati.

Mzazi anapaswa kuuliza mapema, mtoto akiwa Gredi ya 8 au mwanzoni mwa Gredi ya 9, shule anazozitamani zinatoa michanganyiko gani ya masomo na zina walimu wa masomo hayo. Jina la shule halifundishi. Shule ya kutwa yenye mwalimu mzuri wa somo analolihitaji mtoto ni bora kuliko bweni lenye sifa lisilo na somo hilo.

Aidha, hesabu ya karo ifanywe kwa miaka yote ya masomo, si kwa muhula wa kwanza. Familia isiyo na uhakika wa kumweka mtoto bwenini hadi mwisho ni heri ichague mapema masomo yanayopatikana pia katika shule ya karibu, ili uhamisho ukitokea usivunje masomo.

Kwa wanafunzi wa 8-4-4 waliobaki, jambo la kuuliza si gredi inayotarajiwa pekee. Wauliza kozi ipi inawezekana kwa masomo waliyonayo. Mwanafunzi wa D anayejua jina la kozi na la chuo kitakachompokea ana sababu ya kuingia chumba cha mtihani.

Walimu wa ushauri nasaha wana wajibu mkubwa. Katika shule nyingi kazi hiyo hupewa mwalimu mwenye vipindi vingi tayari, na ofisi yake hufunguliwa mwanafunzi anapokuwa na kesi ya nidhamu. Kikao kimoja cha mzazi, mwanafunzi na mwalimu kabla ya fomu kujazwa kingezuia mengi. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayeanza kukosa vipindi vya somo fulani asiulizwe kuhusu nidhamu pekee, bali pia kuhusu somo lenyewe. Kukosa somo moja huja kabla ya kukosa shule.

Basari za kaunti na za hazina ya maeneobunge nazo hutolewa kwa kuangalia karo. Zingeweza pia kufikiria gharama za vifaa vya masomo ya vitendo, ambazo ni ndogo lakini huwatoa wengi shuleni. Na kwa kuwa walimu wa shule za umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ni vigumu kuzungumzia uhuru wa kuchagua masomo bila ya tume hiyo kupeleka walimu wa sayansi na sanaa katika shule ndogo za vijijini.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Haki hiyo kwa kawaida hupimwa kwa idadi ya waliosajiliwa. Kwa familia za Kisii na Nyamira, kipimo cha kweli ni waliomaliza.

Karo itaendelea kuwa kikwazo kikuu, na hakuna mpangilio wa masomo utakaomlipia mtoto ada. Lakini palipo na karo finyu, mwanafunzi anayejua anasoma nini na kwa nini huipigania pamoja na wazazi wake. Asiyejua huwa wa kwanza kuwaambia wasijisumbue.